Ayoub Mabrouk Wakil, Aliyesema Amefunga

Assalaam alaykum masheikh zetu, majirani, wanamichezo, na kina mama mliomo ndani, mimi naitwa Hasan Wakil, wengi wenu mnanijua kwa duka langu la vifaa vya umeme pale Darajani, na marehemu Ayoub nilikuwa ami yake, baba yake na mimi tumbo moja. Siku ya Ijumaa tuliyomzika hapakuwa na nafasi ya maneno, jeneza lilitoka msikitini likaenda moja kwa moja makaburini, ndiyo maana familia imeona historia yake isomwe leo, Jumapili tarehe 13 Aprili 2025, baada ya hitma na baada ya magharibi, ili hata waliofunga Sita, zile saumu sita za mwezi huu wa Shawwal, wasikilize wakiwa wameshafuturu.

Karatasi hii niliiandika mara ya kwanza kwa kustiri, kama tunavyoandika siku zote, marehemu aliugua ghafla akafariki, basi. Nikampelekea mama yake, Bi Mwanamwema, nikamsomea, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Shemegi, hapo umeruka, rudi ukaandike, na kama hilo husomi basi usisome kitu, watu wale wali wao wende zao." Yumo ndani, anasikia, na yote nitakayoyasema nayasema kwa amri yake.

Marehemu alizaliwa Fumba, siku ya Jumapili tarehe 14 Agosti 1994, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, akiwa mtoto wa pili wa ndugu yangu Mabrouk Wakil na Bi Mwanamwema, baada ya dada yake Tabia, na hawakujaaliwa mwengine. Alikuwa mtoto mtukutu, hilo halina kuremba, akianguka analia kidogo na akipigwa halii kabisa, na bibi yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ama atakuwa askari ama atatutia sote kituoni.

Alianza skuli ya msingi hapo Fumba mwaka 2001, akasoma Kurani kwa mwalimu wa kijijini mpaka akahitimu, na mwaka 2006 familia ilipohamia hapa Mwanakwerekwe akaendelea na masomo hadi kidato cha nne, alichomaliza mwaka 2012. Baba yake alifariki dunia tarehe 3 Mei 2009, Ayoub akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo akawa ndiye mwanamume wa nyumba ya mama yake, jambo ambalo alilichukulia kwa uzito kuliko tulivyomtaka alichukulie.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipojiunga na klabu ya judo ya Mji Mkongwe, kwa kuwa mchezo wa ngumi hapa kwetu ulikuwa bado umekatazwa na serikali, na kijana mwenye mikono ya haraka hakuwa na pengine pa kuipeleka. Alipomaliza skuli alibeba magunia sokoni Mwanakwerekwe, kisha akaajiriwa mlinzi wa mlangoni katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na jioni akivua sare anakwenda kujifunza huo mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, ambao vijana wanauita MMA, chini ya kocha Amour, ambaye yuko nasi hapa. Mimi mchezo huo sikuupenda, na sitajifanya leo kuwa niliupenda, watu wawili wanafungiwa ndani ya kizimba cha seng'enge wapigane mpaka mmoja agonge mkono chini kuomba aachiwe, na wengine wanakaa pembeni wanakula karanga.

Pambano lake la kwanza la kulipwa alipigana Dar es Salaam, Jumamosi ya tarehe 9 Septemba 2017, mama yake akiwa ameambiwa kwamba kijana amekwenda kufuata mzigo wa mtu, na alimkaba mpinzani wake shingo mpaka akasalimu amri, akarudi na boti ya asubuhi, jicho limeziba. Kuanzia hapo alipigana Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi, mapambano kumi na tisa kwa jumla, akashinda kumi na manne, na kila ushindi ulichukua chake, pua ilivunjika, mkono wa kushoto ukatiwa chuma, na katika miaka yake ya mwisho vidole vya mkono huo havikuweza hata kufunga kifungo cha kanzu, mkewe ndiye aliyekuwa akimfungia kila Ijumaa. Wenzake wananiambia kwamba akishampiga mtu alikuwa anapiga magoti, anamshika kichwa na kumuuliza, "Uko sawa, ndugu yangu?" na hatoki kizimbani mpaka ajibiwe.

Alimuoa Bi Mardhiya, binti wa Jambiani, siku ya Ijumaa tarehe 14 Disemba 2018, na Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Shadya, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2020, na Ulfat, mtoto wa kiume, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2023, na mjane wake huyo ameanza kukaa eda katika chumba kile kile alichoingizwa akiwa bibi harusi. Kwa watoto wake Ayoub alikuwa laini mno, Shadya akimpanda mgongoni anampeleka mpaka dukani na kurudi, mtu mzima na pua yake iliyopinda, anatembea kwa mikono na magoti kama punda.

Sasa nafika pale nilipokuwa nimeruka. Katika miaka yote hiyo Ayoub hakuwahi kupigana nyumbani, mapambano yake yote yalikuwa ng'ambo ya maji, mama yake hakuwahi kumuona hata mara moja, na watu wa mtaa wake walimjua kwa majeraha tu. Kwa hiyo mwezi wa Februari mwaka huu, iliposemwa kwamba kutakuwa na pambano la MMA hapa hapa Mji Mkongwe, Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, yaani jana, alikuja mbio kwa mama yake akamuomba aje, na Bi Mwanamwema, aliyekuwa akikataa hata kutazama picha, safari hii alisema, "Ntakuja, lakini ntakaa nyuma." Nafasi iliyobaki katika pambano hilo ilikuwa ya uzito wa kilo sitini na sita peke yake, naye siku ya Idd alikuwa na kilo sabini na tano, na badala ya kuiacha aliikubali.

Wasioujua mchezo huu wanielewe, mpiganaji hupimwa uzito siku moja kabla ya pambano, akishapimwa yuko huru kula na kunywa, kwa hivyo kazi yote ni kuufikisha mwili kwenye mizani ukiwa mtupu, na katika siku za mwisho wanachokitoa mwilini si mafuta tena, ni maji, hawanywi, wanajifunga makoti ya mpira, wanakimbia juani, wanatema mate koponi. Wao wanaita kujikausha, na wanalitaja neno hilo kwa wepesi kana kwamba wanazungumzia dagaa.

Ramadhani Ayoub aliifunga kama sote, na aliifunga kweli. Lakini ikaja Idd, na kwetu huwezi kukataa sahani ya mtu mwezi wa Idd ukabaki salama na jina lako, mwenye nyumba atauliza umemuona mchafu au una kinyongo naye, mashangazi wanakuja na biriani, na sharubati, na mkate wa mofa, na kuna jawabu moja tu linaloheshimiwa, nalo ni kwamba umefunga Sita. Basi Ayoub akawa anasema amefunga, kila nyumba, kila siku, wala hakuna aliyehesabu kama sita zimeshatimia, na aliyeambiwa hivyo alirudisha sahani kwa adabu na kumuombea dua. Mkewe na watoto walikuwa Jambiani kwa wazee wao, yeye analala hapa kwa mama yake, jioni anamwambia mama kwamba anafuturu msikitini, na msikitini anawaambia wenzake kwamba futari yake iko kwa mama, anapokea tende yake kama wengine, anaitia mfukoni. Mardhiya alizikuta juzi alipokunja nguo zake, kanzu ya Idd, mfuko wa kulia, tende zimekauka zimeshikana.

Kuna wazee wako hapa kwenye mkeka ambao walimtolea mfano kwa watoto wao, tazameni Ayoub, mpiganaji, mwili wote ule, na Sita haimpiti, na mashavu yake yalipoanza kuingia ndani na midomo ikapasuka, watu waliona nuru ya ibada. Hakuna aliyekuwa mjinga katika jambo hilo, kila mmoja aliona kitu chema na akakiheshimu.

Alhamisi ya tarehe 10 Aprili, mapema asubuhi, marehemu alitoka kwenda kukimbia barabara ya Fumba, amevaa sweta mbili na juu yake koti la mpira, zimebaki kilo mbili tu, na kesho yake ndiyo mizani. Saa nne alirudi, akaanguka mlangoni, pale pale mlipovulia viatu. Bi Mwanamwema alipiga kelele, jirani yetu Bi Kazija akaja mbio, alikuwa anakunywa chai na hakufunga siku hiyo kwa sababu ya sukari yake, akaingia ndani akachota maji kwa kikombe cha bati, akapiga magoti ili amnyweshe. Na Bi Mwanamwema, aliyekuwa amempakata mwanawe kichwa na amekwisha kumpangusa uso kwa maji, akamzuia, akasema, "Kafunga mwanangu, msimvunjie saumu yake, mmwagieni kichwani," na akamziba mdomo kwa kiganja chake.

Maneno yanayofuata ni yake, nayasoma kama alivyoniambia. Anasema kiganja kilikuwa kimerowa, na aliisikia midomo ya Ayoub inatikisika juu ya kiganja hicho, inatikisika bila kusita, naye akadhani mwanawe anavuta kalima ya shahada, akafurahi, akamwambia, "Soma baba, soma." Alikuwa analamba maji.

Jirani yetu Mwalim Khatib alitoa gari, wakamfikisha hospitali, madaktari wakafanya kila walichoweza, lakini saa kumi na nusu za alasiri moyo ulisimama. Kocha Amour alifika hospitali kabla ya hapo, daktari akiwa anauliza mgonjwa amekunywa maji lini mara ya mwisho, Bi Mwanamwema akajibu tangu daku, na Amour ndipo aliposema mbele yao wote kwamba sivyo, kijana alikuwa anajikausha tangu Jumatatu. Mama akamuuliza, "Kwa hivyo hakufunga?" akajibiwa hakufunga, na hakuuliza jengine, aliufumba mkono wake na mpaka leo anapozungumza nasi mkono huo ameufumba.

Nilimuuliza daktari kama kikombe kile kingemponya, akasema figo zilikuwa zimeshachoka siku nyingi, pengine kisingesaidia, lakini hawezi kuapa, na nilipomfikishia Bi Mwanamwema maneno hayo alisema, "Daktari hajui, basi na mimi sitojua." Sheikh wetu amemueleza, na ameniruhusu niwaeleze na nyinyi, kwamba Sita ni suna, na kwamba hata aliyefunga faradhi akianguka mahututi anaruhusiwa kupewa maji, hilo sote tulisomeshwa tukiwa watoto, na sote siku ile tulilisahau, majirani waliokuwa wamejaa mlangoni hakuna aliyelikumbuka. Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha, na muosha maiti ana amana ya kustiri alichokiona, nami nakistiri, nasema tu kwamba alikuwa mwepesi, kijana yule aliyebeba magunia, tulimgeuza bila ya taabu.

Kwa niaba ya marehemu familia inaomba radhi kwa kila aliyemkaribisha akamdanganya kwamba amefunga, mmsamehe, hakuwakataa nyinyi, alikuwa anataka kupigana mara moja mbele ya mama yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, tunamshukuru Mwalim Khatib na gari lake, majirani wa Mwanakwerekwe na jamaa wa Fumba na Jambiani kwa kila kitu, wenzake wa hotelini, na wapiganaji wenzake waliokuja kubeba jeneza na pambano lao wameliacha. Tunamshukuru Bi Kazija, ambaye tangu Alhamisi anajilaumu kwamba alirudi nyuma na kikombe chake, naye hana kosa. Na wewe kocha Amour, mimi bado sijakusamehe, nalisema mbele za watu ili nisiwe mnafiki, lakini mama mtu ameshakusamehe na ametaka ukae mkeka mmoja na sisi, yeye ndiye mwenye haki, na sharti lake umelisikia, kijana mwengine asikaushwe katika klabu ile.

Limebaki ombi lake moja. Mlangoni pale alipoanguka Ayoub pamewekwa ndoo ya maji, na kikombe ni kile kile cha bati, na Bi Mwanamwema atakaa hapo mwenyewe, kila anayetoka atampa maji kwa mkono ule, naye anakuombeni msimkatae na msimwambie mmefunga, magharibi imeshaingia. Kapumzike kwa amani, Ayoub wetu, mizani iliyokubakia ni ya Mola wako, Naye ni mpole kuliko sisi sote, na mimi sasa naikunja karatasi hii, naomba mnipishe njia, nataka niwe wa kwanza kupokea kikombe kwa mama yako.