Mama Mtewele na Kioo Kilichovishwa Sweta

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Vestina Mtewele, mhazili wa chuo chetu cha ufundi hapa Njombe, anafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Wakuu wa chuo wamekuja na kuondoka, mabati yamebadilishwa, na ile mashine ya kudurufu iliyotupaka wino hadi masikioni ilishapelekwa stoo zamani. Yeye alibaki mezani pake, miwani puani, akitusahihishia barua tulizodhani tumeziandika vizuri.

Alianza na taipureta ya chuma ambayo mlio wake ulifika hadi karakana ya useremala. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizizunguka kwa mbali kama ng'ombe wa jirani. Yeye alivuta kiti akaanza. Hakuwahi kupoteza cheti cha mwanafunzi. Alipoteza kalamu tu, na kalamu hizo zote zilionekana baadaye mfukoni kwa Mwalimu Benno. Muda wa chai alifuma, na sidhani kama kuna mtumishi hapa, kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi, ambaye hajavaa sweta lake.

Wasifu huu hautakamilika bila habari ya monita. Mwaka juzi kioo cha kompyuta ya ofisi kilikufa, naye akatumwa peke yake Makambako kununua kingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu tuliyemwamini zaidi. Alinunua kipya, ndani ya boksi lake, dukani kwa Bwana Ussi, na risiti ikaandikwa waranti ya mwaka mmoja. Asubuhi ya kwanza kiling'aa kama kawaida ya vitu vipya. Kabla ya chai kikawa cheusi. Kikipumzishwa kinawaka, kisha kinazima tena.

Alimpigia simu Bwana Ussi, akasalimiwa kwa lugha ya kwetu na kujibiwa kwa upole wote: "Kamwene mama yangu. Hiyo si monita, ni baridi yenu ya Njombe. Vitu vya umeme haviipendi."

Sisi tuliamini papo hapo. Hapa kwetu baridi ndiyo inayochelewesha unga kuumuka, gari kuwaka na kwaya kufika kanisani; monita ni nani isisumbuliwe? Mkuu wetu, Mwalimu Dionis, aliagiza jiko la mkaa liletwe ofisini. Mama Mtewele akafuma sweta la kijani, lenye matundu ya kupitishia nyaya na vifungo mgongoni, akakivisha kioo. Tulikuwa tukipita kukijulia hali kama mgonjwa aliyelazwa.

Mgonjwa akazidiwa. Jiko lilipokolea, kioo kilizima mapema kuliko siku zote. Hapo Mama Mtewele akasimama, akalitazama jiko, akatutazama sisi, akasema kwamba baridi imesingiziwa. Kioo kilikuwa kibovu, na kila kikipata joto ubovu wake ulijitokeza.

Kwa bahati mbaya, maneno yalishaanza. Jikoni watu walinong'ona kwamba mama amekula na mwenye duka, kwamba ndiyo maana alikwenda peke yake. Yalimfikia, nayo yalimuuma sana. Nilimkuta akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Jina alilolilinda tangu enzi za taipureta lilikuwa linaondoka kwa ajili ya kioo.

Kesho yake tulikwenda Makambako, mimi nikiwa mbeba boksi. Kioo kilikuwa bado ndani ya sweta lake, na Bwana Ussi alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akatuonyesha tangazo ukutani: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Nimelisoma, baba," Mama akamjibu. "Lakini karatasi ya ukutani haifuti sheria ya nchi. Mimi nilinunua kioo kinachoonyesha. Sikununua giza. Kiwashe, tusubiri."

Bwana Ussi alikiwasha, akaweka na mpira ili tuone picha ilivyo safi. Mama akaomba kiti, akatoa sindano zake na uzi, akaanza kufuma. Kila mteja aliyeingia alisalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani. Mmoja wao, Bi Zaitun, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, alikuja kununua monita ya aina ileile. Alipoona mama amekaa, naye akakaa. Dukani kukapata joto la watu. Mchezaji akiwa anajiandaa kupiga penalti, kioo kikawa cheusi.

Bi Zaitun aliirudisha pochi yake kwapani. Bwana Ussi akasema tukiache kwa fundi, turudi mwezi ujao. Mama alikataa bila kupandisha sauti. Alisema waranti ni ahadi, na kama ahadi hiyo ni nzito kwa mwenye duka, yeye mama anajua njia ya kwenda kulalamika kwenye Tume ya Ushindani. Bwana Ussi alikuna kichwa, akaingia nyuma, akatoka na kipya. Mama akataka nacho kiwashwe hadi mkono wa sweta alilokuwa akilifuma ukamilike. Hakikuzima.

Tulidhani tumemaliza. Mama hakunyanyuka.

"Kioo umenipa," alisema. "Sasa nipe jina langu."

Akampa namba ya Mwalimu Dionis. Bwana Ussi akapiga, akaweka sauti kubwa, akaeleza mbele ya wateja wake wote kwamba ubovu ulikuwa wa bidhaa yake na kwamba mama huyu hakupokea kwake hata soda. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akalibandua tangazo. Tuliporudi chuoni watumishi walikuwa getini wakipiga vigelegele. Walionong'ona wanajijua, ndio waliopika chai siku ile, na leo, kwenye hafla hii ya kumuaga, wamekaa mstari wa mbele.

Tangu hapo hatuonewi tena madukani. Lidia wa ushonaji amerudisha pasi isiyopata moto, na Mwalimu Benno amerudisha buti zilizokuwa zote za mguu wa kushoto. Bwana Ussi mwenyewe yuko nasi leo, amevaa sweta lile lililofumwa dukani kwake. Anasema sasa ameiona baridi yetu.

Mama Mtewele anahamia Lupingu, ziwani, kwa mwanawe Fidelis. Tunakushukuru, mama, kwa kazi na kwa kutufundisha kusubiri tumekaa. Upumzike kwa afya na furaha, na Mungu akutunze. Kuhusu lile sweta la kijani ulilotaka kuondoka nalo, watumishi tumekaa kikao. Lupingu ni joto, na kioo chetu bado kinalivaa kila jioni. Sweta halirudishwi.

Ronald Ngailo, mtunza stoo, kwa niaba ya watumishi wote