Koti la Sajini Makori na Uzi Wake Mweupe

Tarehe 31 Desemba 1959, Sajini Zacheus Makori anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika polisi, mingi yake akiwa askari kanzu katika kituo chetu. Kanzu yenyewe hajawahi kuivaa. Yeye ni mtu wa suti, kofia ya ukingo mpana, na viatu ambavyo tope la Kericho halijawahi kuvishinda.

Alianza kama konstebo kule Soin, akifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Wenzake walibeba blanketi. Yeye alibeba pasi ya makaa. Alipohamia Ndanai alimfukuza mwizi mmoja hadi mtoni, kisha akasimama kukunja suruali vizuri kabla ya kuvuka. Mwizi alipogeuka na kumwona hana haraka hata kidogo, aliona kukimbia ni kazi bure, akaketi akamngoja. Makori huapa kwamba ni kweli. Sisi tumeamua kumwamini.

Lakini tukimsifu kwa nguo tu tutakuwa tumemdhulumu. Mimi, Konstebo Obonyo, nilikuwa naye mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari, na sitaisahau siku ile.

Fundi wake wa nguo alikuwa Gichuki, Mkikuyu aliyekuwa na cherehani pale Chepilat. Makori alikuwa amesimama dukani akipimwa koti jipya, bado lina nyuzi nyeupe za bandi, zile za kushikiza kitambaa kwa muda, nilipofika na amri ya Inspekta. Bunduki ya meneja wa shamba moja la chai ilikuwa imepotea nyumbani kwake. Watu wawili tu walikuwa wameingia humo: mpishi, mzee Gekara, na Gichuki aliyepeleka mapazia. Mkikuyu na bunduki iliyopotea. Mwaka ule hapakutafutwa ushahidi mwingine. Makori alimfunga pingu fundi wake, pini zikiwa bado mdomoni mwa Gichuki, akarudi kituoni na koti lile mwilini.

Inspekta hakuzungusha maneno. "Makori, kesho saa sita lori inapita. Kama bunduki haiko, huyu anaenda kizuizini." Tulijua maana yake. Wengi waliopanda lori lile hatukuwaona tena.

Asubuhi mke wa Gichuki, Wakonyo, alikuwa langoni na kikapu cha viazi. Hakulia wala hakuomba. Alimtazama sajini tu, akasema, "Afande, hiyo koti umevaa haijaisha. Mwenye ataimaliza ni nani?"  Makori aliniita twende kwa Gekara, ng'ambo ya Chepilat, tukapekue.

Nyumba ya mzee tuliipekua, hatukuona kitu. Jua lilikuwa limeshapanda. Ikabaki nyumba ya mwanawe aliyekuwa kazini Kisumu, alimokaa mkewe Mokeira. Kwa Wakisii, Makori akiwa mmoja wao, baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwanawe hata mvua ikinyesha mawe. Kwa hiyo Gekara alisimama mbali uani, ametupa mgongo, kama inavyompasa mzee mwenye heshima zake. Nilipoinama kuingia, alituonea huruma. "Chungeni kichwa, wanangu, ile mti ya jikoni iko chini sana."

Nilimshukuru, maana kweli mti wa dari ulikuwa chini. Tulitafuta kitandani, vyunguni, nyuma ya kuni. Hakuna. Tulitoka, nikaanza kuhesabu mwendo wa kurudi na lori lile, roho ikaniuma.

Makori hakuondoka. Alisimama uani akipangusa kofia isiyo na vumbi, kisha akamgeukia mzee, akamwuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu zote, "Baba, huo mti uliuona lini?"

 Makori alirudi ndani moja kwa moja hadi jikoni, akateremsha vikapu vya wimbi vilivyokuwa darini juu ya mti ule, akaingiza mkono ndani ya nyasi za paa. Bunduki ilikuwa humo, imefungwa gunia. Mzee alikuwa ameiiba ili alinde ng'ombe wake dhidi ya wezi wa mpakani, akaificha mahali ambapo hakuna Mkisii angemdhania. Mokeira alilia sana, si kwa ajili ya bunduki, bali kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa ameingia nyumbani mwake. Makori naye alitokwa na machozi akimfunga pingu mtu wa rika la baba yake. Lakini alimfunga, na tulikimbia njia nzima.

Lori lilikuwa limeshawasha injini. Gichuki alikuwa juu yake. Makori aliinyanyua ile bunduki kwa mikono miwili mbele ya Inspekta, koti lote limeloa jasho, na Gichuki akateremshwa.

Koti lilimalizwa wiki ile ile, ila Makori alimkataza fundi kuutoa uzi mmoja wa bandi kwenye mkono wa kulia. Wageni humwambia kwamba umesahauliwa, naye hutabasamu. Sisi tumemwona akitumwa kumkamata mtu: huugusa ule uzi kwanza, halafu huuliza swali moja zaidi.

Asante, Sajini. Nenda nyumbani ukapumzike, ng'ombe wanenepe, na pasi isikose makaa. Leo umevaa koti lile lile, na aliyekukazia vifungo asubuhi ni Gichuki.