Kofia Kwenye Foleni

Ndani ya basi la Tunduma, Sabra alitega sikio. Mbele yake walikaa Luka, mkulima wa kahawa wa Iyula, na mkewe Fortunata, wakitoka kutembelea bustani ya michezo Dar, siku ya Krismasi yenyewe.

“Nyumbani nitaanza kuwasimulia ile bembea kubwa ya kuzunguka,” Fortunata alisema. “Kule juu, baba Ketrina, tuliiona bahari nzima!”

“Anza na kofia. Watu kama siafu, nami nikaiacha kwenye foleni itushikie nafasi, kama tunavyoacha magunia siku ya kupima kahawa, tukaenda kivulini. Kurudi, watu tusiowajua wameisogeza mpaka getini!”

“Bahari!”

“Kofia, mama Ketrina!”

Basi likasimama Vwawa, abiria wanyooshe miguu. Sabra, mfanyabiashara wa mpakani ambaye hata usingizini hukumbatia mkoba wake, akauacha kitini umshikie nafasi, akashuka mikono mitupu, akijishangaa.