Wasifu wa Fundi Mkuu Aliyeyatia Umeme Magari ya Jiji

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza tarehe 9 Juni 1997, na niliona miguu yake tu. Alikuwa chini ya lori la taka katika gereji ya jiji. Nikasema, "Samahani kaka, namtafuta fundi mkuu." Sauti ya kike ikajibu kutoka huko chini, "Kaka hayupo. Nipe spana ya kumi na tisa, halafu useme shida yako." Shida yangu ilikuwa kazi, na nikaipata. Miaka miwili baadaye nilimwoa mdogo wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, kifungua mimba wa dereva wa basi na mshona nguo. Alipomaliza sekondari aliingia chuo cha ufundi, msichana pekee kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Aliajiriwa na jiji mwaka 1986. Mwaka 1990 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye hadi leo hajui kubadilisha tairi.

Mwaka 2016 jiji liliamua magari yake yote sitini na manne yatolewe injini za dizeli, yawekwe mota na betri. Sisi mafundi kumi na wawili tulioishia darasa la saba tulipewa barua za kuachishwa kazi. Marehemu alizikusanya, akazirudisha ofisini mwenyewe. "Nipeni miezi sita niwafundishe," alisema. "Wakishindwa, tuondoke wote."

Mwezi wa nne wa mafunzo nikamwaibisha. Nilipanda lori nifute kioo. Kwa kuwa lilikuwa kimya, nilidhani limezimwa. Nikakanyaga pedali, likaingia stoo kupitia ukutani. Bosi alifoka, "Darasa la saba na umeme, wapi na wapi!" Marehemu akamjibu taratibu, "Miaka yote tumewafundisha kusikiliza injini, mzee. Leo gari halina sauti, unamlaumu mwenye masikio?" Tangu siku hiyo, anayeshika gari hutia ufunguo wake mfukoni kwanza. Tulifaulu wote kumi na wawili. Gari la sitini na nne lilitoka Septemba 2022.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho. Aliugua bila kulalamika, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 11 Mei, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na wadogo wanne. Mungu ampe pumziko, maana hakuwahi kujipa mwenyewe.

Siku mbili kabla ya kifo chake, nilimwambia kwamba ofisi inataka niwafundishe mafundi wapya badala yake, na kwamba nitakataa. Wale wana diploma. Mimi hata kusimama mbele ya watu natetemeka. Alinishika mkono.

"Shemeji, nenda. Wakikuuliza usilolijua, sema hujui, kisha fungueni gari mtazame wote."