Upepo Niliopunguza Juani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu na sitaki kusema jambo moja mara mbili. Jumapili mna mashindano, wewe kwenye usukani na dada yako kwenye matairi. Nikiifikia hiyo Jumapili nitashukuru, nisipoifikia msiahirishe.

Gereji ni yenu wote wawili, msiigawe. Kompresa ina kelele lakini haijawahi kunitupa mkono, itunzeni. Ila hii geji ya kupimia upepo iliyo chini ya mto wangu ni ya dada yako peke yake, na kwenye matairi neno lake liwe la mwisho. Usinune, mwanangu. Una mguu mzito na moyo mkubwa, lakini kila ukiteleza unataka upepo upunguzwe, ukiamini tairi laini ndilo linaloshika njia. Linashika, sikatai, mpaka pale linapoanza kujikunja kwenye kona na gari zima likayumba kama meza mbovu. Likijazwa kupita kiasi nalo linagusa njia kwa katikati tu, unabaki kuomba Mungu. Kiasi chenu kipo hapo kati, na lazima mkitafute wenyewe. Dereva mwenzenu akiwatajia namba yake ya upepo, mshukuruni na muendelee na kazi, kwani gari lake si lenu na wewe huendeshi kama yeye.

Binti yangu, pima asubuhi, matairi yote manne yakiwa kivulini na yamepoa. Chora chaki ukingoni mwa kila tairi, mwache mdogo wako azunguke mara tatu kwa nguvu zake zote, na akirudi tu pima hapo hapo kabla hayajapoa, utazame chaki imefutika hadi wapi, kisha ongeza au punguza kidogo, na uandike.

Nasema kivulini kwa sababu mimi... nipeni maji kwanza.

Baba yenu mdogo hajakanyaga nyumba hii miaka kumi na tisa, nanyi mliambiwa ni kiburi chake. Mwaka ule, siku ya mashindano, yeye akiwa dereva na mimi fundi wake, nililiacha gari lake nusu juani, nusu kivulini, nikaenda kula. Niliporudi nikapima, nikakuta matairi ya upande wa jua yamezidi paundi tatu, nami kwa haraka zangu nikayapunguza yalingane na ya upande wa pili. Ziada ile ilikuwa joto la jua tu, wanangu. Nikamwachia mdogo wangu aondoke na upande mmoja umelegea, na kwenye kona ya tatu tairi likachomoka kwenye rimu, gari likapinduka, akavunjika nyonga. Nililijua kosa langu jioni ile ile, nilipokaa peke yangu nikarudia kila nilichofanya. Wasimamizi wa mashindano walipokuja kuniuliza nikasema aliingia kona kwa kasi mno, wakaniamini kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Mwanzoni alibisha. Aliapa aliingia kona ile kama alivyoiingia siku zote, na mimi kaka yake nikanyamaza. Hakushika usukani tena. Sasa nasikia hata yeye anasema huenda kweli alikosea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si haya maradhi.

Kwa hiyo nendeni kwake kabla ya Jumapili, wote wawili. Msimpigie simu. Mwambieni uso kwa uso, kama nilivyowaambia, wala msiniombee msamaha, maana mkianza kulia atalazimika kuwabembeleza ninyi. Asipokuja kunizika, mtu yeyote asimseme vibaya.

Nipeni mikono yenu. Mungu awatangulie, awarudishe nyumbani wazima, na asiwaache mkamtupia mwingine lawama iliyo yenu... Nimechoka sasa. Mwambieni kona ile... aliiingia sawasawa. Mdogo wangu aliiingia sawasawa.