Bi Ummi Bakiri na Barua Tuliyoiita Msimbo

Ijumaa ya tarehe 27 Juni mwaka huu, Bi Ummi Bakiri atarudisha funguo zake na kustaafu, baada ya kuitumikia makumbusho yetu ya vita hapa Turffontein kwa miaka ishirini na minane na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe, akanionya nisizisahau. Nimekabidhiwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, Octave, ndiye mtunza nyaraka, na kwa sababu kila mtu ofisini anajua kwamba makosa mengi yatakayotajwa humu ni yangu.

Bi Ummi alizaliwa Tanga. Alifika Johannesburg mwaka 1995 pamoja na mumewe, fundi cherehani, wakapanga mtaa wa Bertrams, na huko huko anaishi hadi leo. Juni 1997 aliajiriwa hapa kufanya usafi. Wakati huo makumbusho ilikuwa na wageni wachache mno. Siku za mashindano ya farasi kwenye uwanja wa jirani idadi ilipanda, lakini wengi wao walikuwa wakitafuta choo. Bi Ummi ndiye aliyewaelekeza, na njiani akawaonyesha mzinga mmoja au miwili. Tunaamini ndiye mwongoza wageni wa kwanza tuliyekuwa naye, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Mimi niliajiriwa mwaka 2004, nimetoka Bukavu na shahada yangu kwenye bahasha ya plastiki. Mwaka uliofuata Bi Ummi aliosha gari la kijeshi lililopigana jangwani Afrika Kaskazini. Aliliosha vizuri sana, hadi ndani ya magurudumu, akaondoa mchanga wote ambao kibao chetu kilieleza kuwa ni wa jangwa lenyewe na haujaguswa tangu 1942. Kwa miezi minne niliendelea kuwaonyesha wageni mchanga huo. Aliyenizindua ni mtoto wa shule aliyeuliza uko wapi. Bi Ummi alisema, "Ungeniambia kuwa uchafu ndio mali, nisingeumiza mgongo."

Lakini lililomfanya Bi Ummi awe Bi Ummi tunayemuaga ni jambo la mwaka 2011, na sina budi kulieleza lote.

Tulikuwa tumepokea sanduku kutoka kwa familia ya afisa mmoja wa Afrika Kusini aliyefariki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia afisa huyo alikuwa Madagaska, akikagua barua za askari ili siri zisivuje. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na juu yake kalamu nyekundu imeandika: izuiwe. Nilimpelekea msomi mmoja wa Kiarabu. Akaniambia, "Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno si ya Kiarabu."

Mtu mwenye akili angeuliza maneno hayo ni ya lugha gani. Mimi nilihitimisha kuwa ni msimbo wa siri.

Nilijifungia na karatasi hizo karibu miaka miwili. Mlangoni nilibandika tangazo la kukataza mtu yeyote kuingia, hata wa usafi. Nilizihesabu alama moja moja. Niligundua neno lililojirudia mara kumi na moja, na kwa kuwa nyambizi ndogo za Kijapani zilishambulia bandari ya Diego Suarez, huko huko Madagaska, mwezi Mei 1942, nikaamua kuwa neno hilo ni jina la nyambizi. Niliandika makala. Makumbusho moja kubwa ya ng'ambo ikaomba kuazima hati yangu kwa maonyesho ya miaka miwili, na mimi nialikwe kuizungumzia. Nilinunua suti.

Alhamisi moja mwezi Septemba tuliiweka hati kwenye kabati la kioo, katika ukumbi wa operesheni za siri. Bi Ummi akaja na kitambaa chake kufuta kioo. Nilimsikia akicheka. Nilipogeuka alikuwa amekitumia kile kitambaa kufuta macho.

"Octave mwanangu," aliniita, "huyu koplo anamsalimia mkewe."

"Mama Ummi, hiyo ni siri ya kijeshi."

"Siri ndiyo, lakini ya ndani ya nyumba."

Nilimwomba amalizie upande wa pili wa kioo. Jumamosi nilivaa suti nikaenda Randburg, nikahutubia chama cha wapenzi wa historia ya vita kwa dakika hamsini juu ya nyambizi. Walinipigia makofi. Mzee mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kusikia jambo kama lile, na alikuwa sahihi kabisa.

Jumatatu asubuhi Bi Ummi aliniwekea mezani daftari la shule la mwanawe. Alikuwa ameinakili hati yote kwa herufi za kawaida. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusoma hati hizo za kale, kwa barua za ukoo wao. Nikasoma, na hapa nanukuu sehemu tu:

"Kwa mke wangu Mwanakheri. Baada ya salamu, mimi ni mzima ila miguu. Tumeteremka Majunga na sasa tunapanda kwenda mji mkubwa. Wafaransa wamekata miti wakailaza njiani, nasi kutwa tunaiondoa, utadhani tumeletwa kufyeka shamba. Wakubwa wanamtaja sana mtu aitwaye Jane. Asubuhi Jane, jioni Jane. Simjui ni mke wa nani, lakini naona vita hivi ni kwa ajili yake. Mwanakheri, nilipoondoka tuligombana, nami sikugeuka nyuma. Nilitaka kugeuka. Mwanakheri, mtoto akiwa wa kike mwite Zainabu, kwa mama yangu. Akiwa wa kiume mpe jina lolote, ila si la afande wetu."

Kilikuwa Kiswahili. Mimi nilibembelezwa kwa Kiswahili, nakemea kwa Kiswahili, naota kwa Kiswahili. Karibu miaka miwili nilitafuta wataalamu wa misimbo, na ningemwomba yule msomi anisomee kwa sauti ningeelewa kila kitu. Nyambizi yangu ilikuwa Mwanakheri. Neno la siri la kweli lilikuwa moja tu, Jane, jina la mpango wa kuuteka mji wa Tamatave. Hilo mimi nilikuwa nimelitafsiri "maji".

Aliyeandika ni Koplo Ameir Mbwana wa Pangani, wa jeshi la Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Nilitafuta jina lake kwenye orodha zetu. Alikufa kwa malaria Madagaska, wiki sita baada ya tarehe ya barua.

Na sasa nafika mahali ambapo ningependa jarida hili liishiwe na karatasi. Nilimwomba Bi Ummi anyamaze. Hati ilikuwa isafirishwe baada ya wiki mbili. Nilimwambia ikishafika huko nitatafuta namna nzuri ya kusahihisha.

"Wiki mbili tu, Mama Ummi. Nitaaibika."

Hakupandisha sauti. "Mwanakheri amenyimwa barua yake miaka sitini na tisa," alisema. "Wewe aibu ya siku moja huiwezi? Huenda mtoto yuko hai. Huenda ni mzee, na ana wiki mbili tu."

Nilikaa na daftari lile mpaka chai ikapoa. Kisha nikapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi wetu, Bi Refilwe, nikamweleza yote. Aliniuliza mara mbili kama kweli hicho Kiswahili ndicho ninachoongea kila siku na Bi Ummi koridoni. Nikakiri. Alisema "Eish, Octave," akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka aliandika barua mbili. Moja ilifuta safari ya hati. Nyingine ilimtuma Bi Ummi Pangani akiwa na nakala safi, kwa gharama ya makumbusho. Chama cha Randburg nilikiandikia mwenyewe. Yule mzee alinijibu kwa upole kwamba bado anaipendelea ile ya nyambizi.

Bi Ummi alikaa Pangani siku tisa. Barua ilitaja nyumba ya Bweni, ng'ambo ya mto, basi akavuka kila asubuhi na kuuliza nyumba kwa nyumba. Siku ya tatu alipelekwa kwa bibi wa miaka sitini na minane aliyekuwa akichambua mchele barazani. Jina lake Mashaka binti Ameir. Mama yake, Mwanakheri, alikuwa amefariki mwaka 1978. Serikali ilimpa karatasi ya kifo cha mumewe, basi. Maisha yake yote alisema, "Baba yako aliondoka na hasira zake, hakuniachia hata neno." Alipojifungua hakuwa na la kufurahia, akampa mtoto jina la hali aliyokuwa nayo.

Bi Ummi alisoma barua yote. Bi Mashaka hakuacha kuchambua mchele. Bi Ummi alipofika mahali pa jina, mikono ya bibi ikasimama.

"Zainabu?"

"Ndivyo alivyoandika, bibi."

"Kwa umri huu, nani ataniita Zainabu?" Akaweka ungo chini. "Hebu rudia pale alipotaka kugeuka. Mama angepaswa kupasikia."

Bi Ummi alirudia pale mara nne. Jioni wajukuu walimzunguka bibi yao wakimwita Zainabu kwa utani, naye akiitika kila mara. Siku ya kuondoka alimkabidhi Bi Ummi picha pekee ya Koplo Ameir, tuinakili na kuirudisha. Hivi sasa nakala yake iko ukumbini kwetu, juu ya barua. Kibao kilichopo chini yake amekiandika Bi Ummi, na mimi sikuruhusiwa kukigusa.

Aliporudi, Bi Refilwe alimpa cheo cha mwongoza wageni mkuu wa ukumbi wa operesheni za siri. Kwa miaka kumi na mitatu amewaeleza watoto wa shule za Rosettenville jinsi Waingereza walivyovamia Madagaska kwa mpango walioupa jina la Ironclad, na ni watu gani walioondoa ile miti njiani. Mimi huwaeleza majina ya majenerali. Watoto humfuata yeye.

Habari ya barua ilipoenea, familia za maafisa wengine zilituletea barua zilizozuiwa. Bi Ummi amesoma kumi na nne, na kwa simu, misikiti na jamaa wa jamaa amezifikisha tisa kwa wenyewe. Jumatano baada ya kazi alinifundisha herufi hizo. Nilikuwa mwanafunzi mzito. Mwaka wa kwanza nilisoma salamu za askari mmoja nikamtangaza kuwa ameuawa, kumbe amenunua mbuzi. Tano zilizobaki ameniachia mimi, pamoja na namba yake ya simu kwa herufi kubwa, na agizo kwamba nisome kwa sauti kabla ya kufikiri.

Anasema sasa atapumzika Bertrams na wajukuu wake, ambao wanamjibu kwa Kizulu kila akiwasemesha Kiswahili. Anakusudia kuwashinda. Tunaomjua tunawahurumia wajukuu.

Mama Ummi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa sakafu, kwa wageni, kwa watoto wa shule, na kwa wale tisa. Kwa niaba yangu mwenyewe, ahsante kwa kunikatalia zile wiki mbili. Bi Mashaka aliugua mwezi huohuo wa Septemba, siku tano baada ya wewe kuondoka Pangani, na hakuinuka tena; siku ya pili alizikwa. Ningepewa nilichoomba, barua ya baba yake ingefika amekwishazikwa.

Mungu akupe afya, utulivu, na nyumba yenye watu wa kuzungumza nao. Uishi vyema, Mama yetu.