Kizazi cha Kwanza

— Nani kati yenu alimwambia fundi Tonny abadilishe prosesa yangu?

Benchi la mbele ya steshenari yangu, hapa senta ya Nyanungu, huwa halikosi majibu. Asubuhi ile wanaume watatu walitazama vikombe vyao kana kwamba kahawa anayotuuzia Gati ina maandishi. Nilikuwa nimeagiza kwa Tonny, Tarime mjini, kompyuta ya mezani ya kufanya kazi nyingi kwa pamoja: nichape mtihani, niskani vyeti, nijaze fomu za chuo, na printa iendelee. Karatasi yangu ilisema i5, kizazi cha kumi. Ikaja i7, kizazi cha kwanza. Kazi mbili tu, inaganda. Tonny anaapa kwamba siku ya Jumanne alipiga simu ya dukani kuuliza, akajibiwa na sauti ya mwanaume. Jumanne nilikuwa kliniki na mtoto. Simu niliiacha kaunta. Na saa nne Mwalimu Beryl analeta mitihani ya moko. Akikuta imeganda tena, kazi yote ya shule inahamia duka la ng'ambo ya barabara.

Ouko ndiye aliyeanza kujitetea. Tunamwita Kastamu, maana kila anachouza kimepitia mpakani Sirari.

— Mimi nilibeba karatasi tu, bana. Nikampa fundi, nikaenda. Huyo Tonny amekuchezea. Prosesa yako saa hizi imeshavuka mpaka, iko Migori.

— Migori wapi! alisema Kisyeri, ambaye tangu alipoiwasha mashine ya kusaga kwa kuipiga teke anaitwa Injinia. — Prosesa ni nzima. Tatizo ni wale wa ng'ambo. Umeiona antena yao? Inanyonya kasi yako.

— Ile ni ya redio, nilisema.

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

— Basi mimi niwaambie ukweli, alisema Ouko. — Hiyo kompyuta imetoka lodge ya watalii ya Ikoma. Imehesabu nyumbu miaka kumi. Imechoka, sasa inasinzia.

Mzee Simioni alikohoa. Yeye tunamwita Shahidi, kwa kuwa hakuna kesi ya shamba ambayo hakuitwa. Leo hakushuhudia chochote.

— Haijachoka, ni ya zamani, nilisema. — Kizazi cha kwanza kimeachwa mbali. Hiyo saba isiwadanganye.

— Hapo ndipo unanichanganya, mama, alisema Kisyeri. — Saba inaizidi tano. Halafu cha kwanza kinakizidi cha kumi. Kasoro iko wapi?

— Nani amekwambia cha kwanza kinazidi?

— Mkurya hadanganywi kwenye vizazi! Waliotangulia wanakaa. Waliofuata wanawaamkia.

Tukamgeukia wote. Hata Gati akaacha kumimina.

— Mura wee, Injinia, umejitaja mwenyewe! alipiga kelele Ouko.

— Nimejitaja nini? Jumanne nilikuwa Machochwe, tunapokea mahari ya binti wa kaka yangu. Kawaulize wale ng'ombe!

— Ng'ombe wa Machochwe nao umewapanga, alisema Ouko.

Mwalimu Beryl alikuwa ameshafika, bahasha ya kaki kwapani. Alimwamkia Mzee Simioni shikamoo, akasimama kusikiliza, na jicho lake moja lilikuwa ng'ambo ya barabara.

— Samahani, alisema. — Hapa kwenu, hao wa kizazi cha kwanza wanalima?

— Walime? Kisyeri alicheka. — Wanakaa, Mwalimu. Wanaheshimiwa.

— Wanachunga?

— Mpaka wachunge, vijana wameenda wapi?

— Sasa kwa nini mmewapa printa, skana na mitihani yangu, kwa wakati mmoja?

Kastamu akagundua kwamba kiatu chake kina tope. Mwalimu aliihamisha bahasha kwapa la pili, lile la upande wa barabara.

Mzee Simioni akaweka kikombe chini, polepole.

— Binti yangu, ile simu ilipiga kelele sana, nikaipokea. Kijana akauliza, "Ninazo mbili hapa, nilete cha kumi au cha kwanza?" Mimi ningesemaje? Nimruke mkubwa amesimama, nimwite wa kumi? Nikamwambia, "Kijana, huku kwetu tuna adabu. Leta cha kwanza."